Asishtuke Mtu: Namna ya Kupita Salama kwa Pikipiki kati ya Fizi na Baraka

Barabara ya Taifa Namba 5, ile tunayoiita RN5, inateremka toka Uvira kando ya ziwa, inapita Makobola, Mboko na Lusenda, inafika Baraka, kisha inapanda milima kwenda Fizi na kuelekea Lulimba na Misisi. Sehemu kubwa ni udongo. Mstari wa katikati hakuna, na vibao vya kukuonya ni vya kuhesabu. Katika njia hiyo moja wanapita mama mwenye mzigo mgongoni, mtoto wa shule, mbuzi, baiskeli, Fuso, jeep ya shirika, na pikipiki kuliko vyote.

Penye barabara isiyosema kitu, mwenzako anakutazama wewe ili ajue utafanya nini. Kwa hiyo kanuni ni moja: usimshtue mtu, wala usikae mahali ambapo mtu atakushtua. Uwe motari, abiria, dereva wa gari ama mtu wa miguu, yote yafuatayo yanatoka humo.

Kabla ya kuwasha

Jipe dakika tano kila asubuhi. Anza na tairi. Libonyeze, lizungushe, tazama kama kuna msumari, ufa ama waya uliochomoza. Tairi lililoisha meno ni la kutupa hata kama bado linashika upepo. Na upepo upimwe kwa kipimo, si kwa teke. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na tairi la nyuma linataka zaidi ukibeba mtu.

Kisha breki. Isukume pikipiki kidogo, bana ya mbele, halafu kanyaga ya nyuma. Kila moja iweze kusimamisha peke yake. Kuna wamotari wanaolegeza breki ya mbele makusudi, eti itawapindua. Hapo wanajinyang'anya silaha yao wenyewe. Ukifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi vizuri zaidi. Kinachoangusha ni kuibana ghafla, ama kuibana huku usukani umekata kona.

Tumia vidole viwili. Bana polepole, kisha ongeza, na ya nyuma iwe inafanya kazi pamoja nayo. Kwenye changarawe na tope, ipunguzie ya mbele na anza kusimama mapema zaidi. Kama hujazoea, nenda uwanja wa mpira asubuhi watu hawajafika. Jaribu kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, halafu 30, mpaka vidole vijue vyenyewe. Siku mtoto atakapotokea mbele yako hutakuwa na nafasi ya kufikiri.

Cheni ishike katikati na uisogeze juu na chini. Icheze sentimita 2 hadi 3. Ikilegea kupita hapo inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Taa ya nyuma husahaulika kwa sababu wewe mwenyewe huioni. Ipanguse tope. Muombe mtu asimame nyuma akuambie kama inawaka, na kama inaongeza mwanga ukikanyaga breki.

Vioo virudishe mahali pake. Najua, sokoni vinagonga watu na vinang'olewa. Lakini bila vioo itabidi ugeuze kichwa kila mara, na kichwa kikigeuka mikono hufuata.

Ukinunua mafuta kwa kadafi, yule muuza petroli wa kando ya barabara, inua chupa kwenye jua kabla hajamimina. Maji hukaa chini ya petroli, utayaona yamejitenga. Injini ikikuzimikia katikati ya mlima huku Fuso iko nyuma yako, hiyo faida ya bei imekwisha.

Kaske ni ya kichwa, si ya bariere

Ukiona motari ameipachika kaske kwenye kiwiko, anaivaa akifika mbele ya polisi, jua kwamba hajaelewa kazi yake. Kaske iliyovaliwa inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizo ndizo namba ambazo wataalamu wa Cochrane walizipata mwaka 2008 walipokusanya pamoja tafiti za nchi mbalimbali.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1935 mwanajeshi na mwandishi maarufu T. E. Lawrence alianguka na pikipiki Uingereza, akafa kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau. Akachunguza vifo vya wanajeshi wa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha faida ya kofia ngumu. Tangu hapo hakuna ubishi wa maana.

Sasa fanya hivi. Ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa kwa nguvu. Kaske ikicheza, ni kubwa mno. Ishike nyuma ujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka huku mkanda umefungwa, itatoka hivyohivyo siku ya ajali. Mkanda usiofungwa hauna tofauti na kichwa kitupu.

Ile kofia ya fundi wa kujenga si kaske ya pikipiki. Ndani ya kaske ya kweli kuna tabaka nene la povu gumu, nalo ndilo linalopokea pigo.

Abiria wengi wanakataa kaske ya motari kwa sababu ya jasho la watu na mapunye. Wana haki. Dawa ni rahisi: beba kitambaa chako chepesi, kifunge kichwani, kisha vaa kaske juu yake. Motari mwerevu huiweka kaske ya abiria juani saa ya mchana na kuipangusa ndani. Wateja wanaona.

Kulia, hata ukishtuka

Kongo tunapita kulia. Ndivyo ilivyo katika sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, Kanuni ya Barabara ya nchi nzima. Kila mtu analijua hilo, mpaka pale anaposhtuka.

Hapa Fizi tuna shida ya pekee. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanapita kushoto. Watu wetu wengi walikaa miaka huko, katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Lugufu, na wengine pikipiki walijifunzia hukohuko. Mtu wa namna hiyo anaendesha vizuri kabisa mchana kutwa. Kisha gari linatokea kwenye kona, na mikono yake inakwenda kushoto kabla akili haijasema kitu.

Kama ni wewe uliyerudi karibuni, nenda polepole kwa majuma ya kwanza na usibebe abiria. Hatari kubwa iko unapoanza safari tena baada ya kusimama, hasa penye barabara tupu isiyo na gari la kufuata. Jiambie kwa sauti: kulia. Watu wakikucheka, wacheke.

Mtu wa miguu naye ana la kujifunza. Kwetu, ukitaka kuvuka, chombo cha kwanza kitatokea kushoto kwako. Tazama kushoto, tazama kulia, tazama kushoto tena, ndipo uvuke.

Halafu kuna magari yenye usukani kulia, yaliyoingia toka upande wa Tanzania na Zambia. Dereva wake amekaa ukingoni mwa barabara. Akiwa nyuma ya lori, haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari lake katikati. Kwa hiyo ukiiona Fuso inakuja na kuna vumbi la pili nyuma yake, punguza mwendo na shika ukingo wako. Tarajia pua ya gari ichomoze.

Na ukitaka kulipita gari la namna hiyo, kumbuka dereva amekaa upande wa mbali nawe. Piga honi, washa na kuzima taa, ngoja mpaka uone uso wake kwenye kioo. Kama wewe huoni uso wake, yeye hakuoni kabisa.

Mteremko wa Fizi

Toka Fizi unashuka hadi ukingo wa ziwa, na humo ndimo watu wanapotaka kubana matumizi. Wanazima injini wateremke bure. Usifanye hivyo. Injini iliyo kwenye gia ndogo inashika pikipiki yako. Ukiizima, kazi yote inabaki kwa breki, na breki za ngoma zikipata moto sana hupoteza nguvu. Unakanyaga, hazishiki. Mafuta uliyoyaokoa hayafiki hata glasi.

Ingia gia ya pili ama ya tatu kabla mteremko haujaanza. Gusa breki, achia, gusa tena. Usiikalie mwanzo hadi mwisho.

Kona usiyoona mwisho wake, piga honi kabla hujaiingia, shika kulia kabisa, na uwe umeshapunguza mwendo. Breki ni za kabla ya kona. Ukiwa ndani, macho yako yaangalie pale unapotaka kutokea, si korongo. Jicho likikaa kwenye korongo, pikipiki inakwenda kwenye korongo.

Anayepanda na mzigo mzito apewe njia na anayeshuka. Akisimama, kuondoka tena ni kazi, na anaweza kurudi nyuma.

Mvua, tope na vumbi

Kuanzia Septemba hadi Mei mvua inatawala. Tope letu jekundu linateleza vibaya zaidi pale mvua inapoanza tu, kabla maji hayajaosha juu. Kama unaweza, kaa chini ya kibanda nusu saa.

Kwenye tope, chagua mfereji mmoja wa magurudumu na ubaki ndani yake. Anayehamahama ndiye anayeanguka. Mwendo uwe mdogo na wa sawasawa, mikono ilegee kidogo, na mkono wa mafuta usivutwe kwa pupa. Abiria ashuke atembee. Si aibu, na hakuna abiria wa akili atakayekasirika.

Mito midogo inayotoka milimani inadanganya. Kwako jua linawaka, kumbe huko juu mvua imenyesha saa nzima. Maji yakiwa ya rangi ya udongo na huoni chini, usiingie na pikipiki. Ngoja kwanza. Yakipungua, pita kwa miguu huku umeshika fimbo, upime kina na mawe. Yakifika magotini na yanakimbia, rudi. Na ukishavuka, bana breki kidogokidogo mwendo wa mita mia hivi ili zikauke, maana breki zilizolowa hazishiki mara ya kwanza.

Daraja la mbao: simama, tazama ubao uliotoka ama uliooza. Mteremshe abiria, pita katikati ya ubao mmoja bila kukata kona.

Toka Juni hadi Agosti adui ni vumbi. Fuso inapita na nyuma yake ni ukungu mtupu. Usiingie humo kwa tumaini kwamba mbele hakuna mtu. Baki nyuma mpaka uone, taa ikiwa inawaka hata mchana. Miwani ya kawaida ya kufunika macho inatosha, na inauzwa sokoni.

Nanyi madereva wa jeep na Hilux, hasa ninyi wa mashirika: mkipita penye watu, punguzeni. Vumbi lenu linampofusha motari aliye nyuma na mama aliye pembeni. Mtaokoa dakika tatu kufika Baraka, na kazi mliyokuja kufanya ni kusaidia watu haohao.

Mzigo uliobebwa, mzigo unaobebeka

Bidoni moja ya mawese ya lita 20 ina uzito wa kilo 18 hivi. Weka mbili kila upande na tayari umebeba zaidi ya mtu mzima. Mzigo ukae chini na katikati, pande mbili ziwe sawa. Ukiupandisha juu, kila kona itataka kukulaza.

Upana usizidi usukani. Mabati na mbao zilizolazwa kwa upana ni panga linalopita shingoni mwa watu. Zipakie kwa urefu, funga kitambaa chekundu nyuma, ama utafute mkokoteni.

Kamba za mpira wa tairi zinafunga vizuri, ila zinachakaa bila kuaga. Zivute moja moja kabla ya kufunga. Ncha zake ziingizwe ndani zisiufikie mnyororo ama gurudumu. Baada ya kilometa chache simama, jaribu mzigo kwa mkono. Gunia la mihogo na kapu la ndakala hujishusha njiani na kulegeza kamba.

Bidoni ya petroli usiibebe kati ya miguu. Basi.

Wewe abiria, una mdomo

Chagua motari kabla ya bei. Tazama macho yake: je, amelala? Sogea karibu umsikie kama ananuka pombe. Tazama kama ana kaske mbili na tairi zenye meno. Kijana wa bei ya chini asiye na hivyo ni ghali.

Panda toka upande wa kushoto. Bomba la moshi la pikipiki zetu nyingi, TVS na Boxer, liko kulia, nalo linaunguza shavu la mguu mara moja. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese wala majivu.

Mama, kikwembe kikunje na kukibana chini ya mapaja kabla hamjaondoka. Ncha ikiingia kwenye cheni inakuvuta wewe. Kukaa upande mmoja kunapendeza, lakini breki ya ghafla inakutupa. Vaa suruali ama leggings ndani, ukae miguu huku na huku, ukanyage vikanyagio vyote viwili.

Mtoto wa mgongoni afungwe kwa mafundo mawili, na miguu yake usiiache ikining'inia karibu na gurudumu. Mtoto asikalishwe juu ya tangi mbele ya motari. Hapo, pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye anayefika kwanza.

Mtu mmoja nyuma, basi. Mkiwa familia ya wanne, tafuteni pikipiki mbili, ama mmoja abaki aje baadaye.

Mwendo ukikuzidi, sema. "Kaka, punguza, sina haraka." Ukisema kwa upole motari wengi husikia. Asiposikia, mwambie asimame ushuke, umlipe alipokufikisha. Pesa hiyo haijapotea.

Kukutana na wanaotembea

Wanawake wengi wa kwetu hubeba kuni na mihogo mgongoni kwa mkanda unaopita kichwani. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kugeuza shingo. Hakuoni, na ukimpigia honi kisigino kwa kisigino ataruka, na hujui ataruka upande gani. Piga honi mara moja, fupi, ukiwa bado mbali. Kisha punguza mwendo na umpitie mbali.

Ukiona mtoto mmoja anavuka, tazama alikotoka. Nyuma yake kuna wa pili. Saa shule zinapofunguka, pita mbele yazo kwa mwendo wa mtu anayekimbia, usizidi.

Ng'ombe wakiteremshwa toka milimani, zima honi yako. Simama pembeni, msalimie mchungaji, ngoja akupe njia. Mbuzi ni tofauti: huvuka akarudi. Msubiri amalize mambo yake.

Wewe unayetembea, tembea upande wa kushoto wa barabara ili vyombo vije usoni mwako. Mshike mtoto kwa mkono wako ulio upande wa mbali na magari. Jioni vaa kitu cheupe, ama shika tochi ya simu ikiangaza chini.

Na wewe wa gari, unapompita motari muachie mita moja na nusu. Anakwepa mashimo ambayo wewe huyaoni toka juu. Kabla ya kufungua mlango mbele ya duka, tazama kioo.

Giza likiingia

Saa kumi na mbili ya jioni jua linazama, na giza la kwetu halichelewi. Panga safari yako uwe umefika. Ndiyo mbinu bora ya usiku, nami sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Ikikulazimu, vaa jile inayong'aa, na abiria pia kama ipo. Taa yako ishushwe unapokutana na mtu. Mwendo wako usizidi pale mwanga unapofika. Kwa kilometa 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, na taa nyingi zilizochoka hazifiki mbali hivyo.

Taa moja inayokuja mbele usidhani ni pikipiki. Inaweza kuwa Fuso iliyopofuka jicho moja, na hujui ni jicho gani. Mpishe kana kwamba ni lori.

Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, mbele kuna gari lililokufa. Ndiyo kibao chetu, na kinafanya kazi. Punguza mara moja. Ila sisi wenyewe tunakiharibu: gari likishatengenezwa, dereva anaondoka na kuacha matawi, na mbaya zaidi, anaacha jiwe kubwa alilozuilia gurudumu. Usiku huo jiwe hilo linamvunja mtu. Umeweka jiwe, liondoe. Umelikuta, simama ulisukume pembeni, ni kazi ya dakika moja.

Bariere ya usiku ifikie polepole toka mbali. Shusha taa, mikono yote miwili ionekane, usipige kona kurudi ghafla. Mtu mwenye bunduki ndiye wa mwisho unayetaka kumshtua.

Pombe: iwe Primus ama kanyanga, ukinywa, pikipiki ilale pale ulipo. Simu: mpigaji atapiga tena. Sikio moja kwenye simu na mkono mmoja kwenye usukani, kwenye barabara ya mashimo, huo si uhodari.

Ajali imetokea mbele yako

Motari mara nyingi ndiye wa kwanza kufika. Kwanza izuie ajali ya pili. Mtume mtu kila upande, mita 100 hivi, na matawi ama tochi. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka.

Kama ni lori la mafuta, kimbia, na wafukuze watu. Hatupaswi kukumbushwa, lakini nakumbusha. Tarehe 2 Julai 2010, Sange, kwenye RN5 hiyohiyo upande wa pili wa Uvira, lori la petroli lilipinduka. Watu walisogea, wengine wakichota, wengine wakitazama tu. Mafuta yakawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Petroli iliyomwagika haina mwenyewe wala haina bei nzuri.

Majeruhi usimvute mikono na miguu. Damu inayotoka, ibanie kwa kitambaa safi na usiachie. Kaske yake usiing'oe. Fungua kioo tu apumue, isipokuwa kama anatapika ama hapumui. Hapo wanahitajika wawili: mmoja ashikilie kichwa na shingo visicheze, mwingine aivue taratibu. Maji ya kunywa asipewe, maana huenda atapasuliwa.

Asiyejitambua lakini anapumua, mgeuzeni ubavu, watu watatu kwa pamoja, kichwa na mgongo viende sawa kama gogo.

Kumweka majeruhi katikati ya motari na mtu mwingine juu ya pikipiki ni desturi yetu, na ni desturi inayovunja migongo. Kama anaumwa shingo, mgongo ama hawezi kusogeza miguu, tafuteni Hilux, ama mlango, ubao, kipoyi. Watu wanne na kipoyi wanafika polepole, ila wanafika na mtu mzima. Weka kwenye simu yako, leo, namba ya hospitali ya Baraka ama ya Nundu na ya mtu mwenye gari katika kijiji chako. Ziandike pia kwenye karatasi, maana betri hufa.

Aliyegonga asipigwe. Mkimpiga, mwingine atakayegonga kesho hatasimama kusaidia.

Aliyeanguka akasimama na kusema hana kitu, asiachwe peke yake hadi kesho yake. Mkimwona anatapika, analegea usingizini, haeleweki anachosema, kichwa kinazidi kumuuma, ama maji yanamtoka sikioni, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na kaske aliyoangukia nayo imekwisha kazi, hata ikiwa haina ufa unaouona. Lile povu la ndani linapokea pigo kubwa mara moja tu. Usiiuze, usimpe mdogo wako. Kata mkanda wake kwa kisu kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.